Aliyenisalimu Muziki Ulipokatika

Sitaki mtu aniambie nilikuwa nimelala. Nimeshaambiwa hivyo na shemeji yangu, na mchungaji, na yule dada wa kituo cha afya aliyenipima presha huku anatafuna karanga. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda sebuleni, jua la saa nane likipiga bati, sufuria ya maharage ikichemka uani, na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo kama kila siku. Ninyi mnaopenda visa vya usiku wa manane, poleni. Hiki kilinitokea mchana kweupe, hapa mtaani kwetu Ngagara, katikati ya nyumba za watu.

Na nakisimulia kwa sababu nina hasira. Sijui kusimulia kwa upole, mtanivumilia.

Kwanza mjue nilikuwa naishi na nani. Na mwanangu Keza, basi. Baba yake ni dereva wa malori, na alienda Zambia na mzigo akasema atarudi kabla mtoto hajaanza kutambaa. Mtoto ametambaa, amesimama, ametembea, baba bado yuko njiani. Barabara ya Zambia ni ndefu kiasi hicho? Mimi sijui, sijasoma jiografia sana. Aliniachia godoro, nguo zake chafu, na mashine ya gemu aliyoinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine, pamoja na mfuko wa nyaya zilizofungamana kama matumbo ya mbuzi.

Alipokuwepo, gemu lile lilinikera. Si kwamba alikuwa anapigana au anafunga mabao kama wanaume wengine. Alikuwa anasimama! Mtu wake wa kwenye kioo, mwenye joho na fimbo, anasimama kando ya maji, na mume wangu naye anakaa tu, maneti mkononi, kile kidude cha kubonyeza, kafumba macho.

“We unafanya nini?” ninamuuliza.

“Nasikiliza.”

“Unasikiliza nini, na hakuna mutu anaongea?”

“Nasikiliza mahali, sheri wangu. Kila mahali iko na muziki yake.”

Nilimwambia aende akasikilize bomba la jikoni, linavuja tangu tuhamie, nalo lina muziki wake.

Lakini alipoondoka na siku zikawa zinafanana, mchana mmoja Keza amelala, niliiwasha. Niliwasha tu nione kitu kinachotembea. Tangu nijifungue nilikuwa naenda sokoni, kituo cha afya, nyumbani, sokoni. Na hapo mbele yangu kulikuwa na nchi nzima: mabonde, misitu, mji wa mawe, milima yenye theluji, na hakuna anayeniuliza ninakwenda wapi wala mtoto nimemwacha na nani. Kulikuwa na madude ya kupigana nayo, mimi nilikuwa nayakimbia. Nilitaka kutembea tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kile mume wangu alichokuwa anasema, na kumwelewa kukanikasirisha zaidi, maana hakuwepo nimwambie.

Kile kijiji cha kando ya maji kilikuwa na filimbi, na chini yake nyuzi kama za inanga, taratibu. Ukiingia pale unajisikia kama Jumapili umetoka kanisani umevua viatu. Unaanza kutazama vitu visivyo na faida: jiwe, mtumbwi, kuku. Ukipanda kwenda msituni, filimbi inapungua, inakuja sauti nzito ya chini, kitu kama ngoma iliyofunikwa blanketi, na niaminini, shingo yangu ilikuwa inainama yenyewe pale kwenye kigoda. Siku moja Keza alikuwa na homa nikazima sauti kabisa. Nikapita msitu uleule kama ninayevuka ua kwenda kuanika nguo! Miti tu. Kesho yake nikarudisha sauti, miti ileile, njia ileile, na malaika ya mikono yakasimama. Macho yanaona mti. Ni muziki unaokwambia kama mti huo unakupenda.

Na mipakani! Kuna hatua chache kati ya sehemu na sehemu ambapo muziki mmoja unaisha na mwingine unaanza, na unaisikia yote miwili, kama kusimama njiani katikati ya kanisa na baa. Nilikuwa napenda kusimama hapo. Hujulikani ni wa wapi.

Nilikuwa nasikiliza kwa vile vidude vya masikioni, sisi tunaviita ekuteri, waya wake mrefu hadi kwenye televisheni. Sikio la kulia la gemu. La kushoto niliacha wazi kwa ajili ya mtoto. Mama yeyote atanielewa. Huwezi kuwapa watu masikio yote mawili ukiwa na mtoto chumbani.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze kabla sijaendelea, maana wengi wenu mliozaliwa mjini hamlijui.

Bibi yangu mzaa mama alinilea huko juu, Muramvya, mpaka nilipoanza sekondari. Huko wanawake wa zamani wakikutana baada ya muda mrefu hawapeani mkono na kupita. Mmoja anamshika mwenzake mikono, hapa juu ya viwiko, anamsogeza, anaanza kumsalimu kwa kuimba. Inaitwa akazehe. Anaimba anauliza: umelalaje, nyumba yako ikoje, ng’ombe wanakamuliwa, mume ana nguvu, watoto wamekua? Na wewe unaitikia. Huongezi maneno mengi, unaitikia “ego”, ndiyo, “ego”, sauti yako inaingia pale yake inapovuta pumzi, mpaka asiyewaona afikiri ni mtu mmoja mwenye mapafu mawili. Ni kitu kizuri, sitaki mtu akicheke.

Lakini kina sheria. Aliyesalimiwa haondoki mpaka aliyeanza amalize. Nilipokuwa mdogo niliponyoka katikati ya salamu ya shangazi mmoja, nikakimbilia kucheza. Bibi alinifuata na ufagio akanichapa miguu mbele ya watu. “Mwenzako bado amekushika, wewe unakwenda wapi?” Sikurudia. Kitu hicho kiko ndani ya mifupa yangu, kama wengine walivyo na ishara ya msalaba.

Mjini hapa nani anasalimu hivyo? Mjini ni “bite?” na mtu ameshapita, jibu lako linaanguka njiani.

Basi, siku yenyewe.

Siku mbili tatu kabla, Keza alikuwa ametembea. Kutoka kitandani hadi mlangoni, bila kushika kitu, anacheka kama mlevi. Nilimrekodia baba yake sauti ndefu, nikamweleza yote, nikalia kidogo, nikacheka. Asubuhi ya siku hiyo jibu likaja. Mnajua lilikuwa nini? Dole gumba. Kile kipicha cha dole gumba. Mwanao ametembea, unaniletea dole!

Nilipika kwa hasira, nilifua kwa hasira, Keza akalala, nikaweka maharage uani kwenye imbabura, lile jiko la makaa, nikawasha mashine kwa hasira. Kijiji cha filimbi sikukitaka. Sikutaka Jumapili. Nikaenda moja kwa moja kwenye matope.

Matope yale yalikuwa mwisho wa nchi upande wa chini. Nilikuwa nafika kila mara ninageuka, kwa sababu muziki wake ulikuwa mgonjwa. Kama mtu anayepuliza ndani ya chupa tupu, anaacha, anapuliza tena. Hakuna dude lolote la kukushambulia pale, ni ule muziki tu ulionifukuza. Lakini siku hiyo niliona sawa. Puliza tu, na mimi nina ya kwangu. Nikaingia, nikavuka.

Ule mpulizo ukaanza kupungua, nikajua nimefika mpakani, nikasubiri muziki unaofuata.

Haukuja.

Naomba mnielewe. Kwenye gemu lile hakuna mahali pasipo na muziki. Hata chumba kitupu, hata shimo, kuna kitu kinachovuma. Hapa hakuna. Nikatikisa waya, nikafikiri umekatika. Nikatembeza mtu wangu, hata miguu yake haikulia. Mbele kulikuwa na vilima vya majani marefu, kimoja nyuma ya kingine, na juu ya kimoja ua wa miti kama nyua za huko kwetu, zile za kuzunguka nyumba. Hayo majani, ule ua, mimi nilivijua. Si kwamba vinafanana. Nilivijua.

Na karibu na ua amesimama mwanamke, ametugeuzia mgongo. Ana mbeleko mgongoni, imefungwa kama inavyofungwa, lakini imelegea. Haina mtoto ndani.

Nikafikiri, afadhali, leo kuna mtu.

Akaanza kuimba. Gemu lile lina maandishi ya Kiingereza peke yake, watu wake hawasemi hata neno. Huyu aliimba Kirundi, Kirundi cha juu, cha wazee, na haukuwa wimbo. Ilikuwa akazehe. Alikuwa ananisalimu.

Umelalaje, mama wa mtoto?

Mtaniuliza kwa nini niliitikia. Shemeji yangu ameniuliza hivyo, anatikisa kichwa kama mwalimu. Nitawaambia kwa nini: kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Tangu lini mtu aliniuliza nimelalaje, akasimama akasubiri jibu? Mume wangu? Mchungaji? Wewe? Niliitikia kabla sijajua nimefungua mdomo. “Ego.” Na sauti yangu ikaingia palepale pumzi yake ilipokatika, ikakaa, kama mguu kwenye kiatu chake.

Akauliza nyumba ikoje. Ego. Akasema mwenye nyumba yuko mbali, barabara zimemshika. Ego. Akasema maziwa yalitoka kwa shida, ulikesha peke yako, ulimwaza mwenzio usiku kucha, hakuna aliyejua. Ego, ego. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa najisikia vizuri, sitaki kuwadanganya. Nilijisikia vizuri kama sijawahi kujisikia katika nyumba ile.

Kisha nikaona kwamba mtu wangu wa kwenye kioo anatembea. Vidole vyangu havikubonyeza kitu, na yeye anapanda kilima, anamwendea. Nikataka kuweka maneti chini, mikono haikushuka. Ilikuwa imeshikwa. Hapa, juu ya viwiko. Si kwa nguvu, kwa upole kabisa, jinsi anavyokushika mtu aliyekukumbuka.

Sikio la kushoto likasikia Keza ameamka.

Aliita mara ya kwanza kama anavyoitaga, kile kisauti cha “niko hapa”. Akanyamaza. Halafu nikasikia miguu yake, pata pata pata, ametoka chumbani, anapita nyuma yangu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Uani kuna imbabura ina makaa mekundu na sufuria inachemka, na huyo ni mtoto ambaye ametembea juzi!

Niinuke? Nilitaka. Mnafikiri sikutaka? Lakini alikuwa hajamaliza kunisalimu. Hakuna kamba iliyonifunga, ingekuwa kamba ningeikata kwa meno. Ilikuwa aibu. Niliona aibu kumwachia mtu salamu katikati. Mwanangu anakwenda kwenye moto, na mimi nimekaa naitikia ego, ego, kwa adabu.

Umeme ukakatika.

Ngagara umeme unakatika, hilo halina maajabu. Kioo kikawa cheusi, taa ndogo ya mashine ikazimika, na sauti kwenye sikio la kulia ikakoma. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, asante.

Kisha ikaendelea katika sikio la kushoto.

Lile sikio lililo wazi. Sikio la mtoto. Na kwenye kioo cheusi cha televisheni, jinsi kinavyokuwa mchana mlango ukiwa wazi nyuma yako, nikajiona nimekaa kwenye kigoda. Na mbele yangu, kati yangu na televisheni, ambako kwa macho yangu hakukuwa na mtu, kioo kilionyesha mgongo wa mwanamke aliyeinama, amenishika mikono miwili. Mbeleko imelegea.

Akaniuliza la mwisho. Huwa ni la mwisho, kila mwanamke wa kwetu analijua: mgeni akishamaliza kuuliza habari, anaomba mtoto ampakate. Na mama anaitikia ndiyo, anampa. Ndivyo salamu inavyofungwa. Akaimba, taratibu kuliko yote: na huyu mdogo aliye mlangoni, nimpokee?

Ile ego ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nilishaisema mara nyingi mno, mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Niliisikia pale kama mbegu ya limau.

Unajua kilichoniokoa? Si sala. Mchungaji hapendi nikisema hivyo lakini si sala. Ni hasira. Nilifikiria dole gumba. Nilifikiria kwamba kila mtu anakuja kwangu baada ya kazi kuisha, anakuta mtoto amekwisha kukua, anatembea, anacheka, ana meno, ndipo anataka kumpakata.

“Toka!” nikapiga kelele. “Mwizi we! Leo ndiyo unakuja kuniuliza nimelalaje? Nilipokuwa nazaa ulikuwa wapi? Nani aliamka usiku, ni wewe? Mutoto iko na mama yake! Toka kwa nyumba yangu, mbwa we, na mbeleko yako, toka!”

Na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Yote niliyokuwa nimemwekea mume wangu nilimmwagia yule. Katikati ya salamu, mbele ya uso wake, kama mtu asiye na bibi.

Mikono iliniachia. Haikuachia mara moja. Iliachia kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyeshangaa.

Nikakimbia uani. Ekuteri zilivuta televisheni nusu ianguke, sikujali. Na pale mlangoni Keza yuko mikononi mwa Mama Rukia.

Mama Rukia ana duka pale kwenye kona, babu zake walikuja kutoka Omani, na mdomo wake ni mkali kuliko wangu. Alikuwa amekuja kuomba kaa la moto awashie jiko lake, kama tunavyofanyiana. Alikuwa ananiangalia hivi, nyusi juu.

“Mama Keza! Mugeni gani unamutukana hivyo? Na mi nilikuwa nakuja kumusalimia.”

“Mugeni gani?”

“Huyo mwenye mulikuwa munaimba naye! Sauti muzuri, wallahi. Nimesimama hapa nje nikasema, alhamdulillahi, leo Mama Keza amepata mutu, labda sasa ataacha kutufokea sisi. Mara nasikia mbwa, mwizi. Nikasema ah-ah, hata huyu amemushinda.”

Nikamwambia hakuna mgeni. Akacheka. Nikamwambia tena, na nadhani uso wangu ulimwonyesha, kwa sababu aliacha kucheka, akapita, akachungulia sebuleni. Kigoda kimoja. Televisheni imezimika. Mlango wa mbele umefungwa na kufuli kwa ndani, kama ninavyoufungaga.

“Subhanallah,” akasema polepole. “We, mi nilisikia watu mbili. Mbili, Mama Keza. Moja anaita, moja anajibu.”

Alipoanza kutoka alisimama tena. Hakutaka kunipa mtoto hapohapo. Akaniambia: “Na huyu nimemukuta hapa mulangoni. Anacheka, mikono yote juu, kama anaomba abebwe. Nikasema, ananiona mi. Nikamwendea. Apana, alikuwa haniangalii mi. Alikuwa anaangalia pale.” Akaonyesha kwa kidevu pembeni ya imbabura, chini ya kamba ya nguo, ambapo hapakuwa na kitu. “Na miguu yake, Mama Keza, ilikuwa imeshanyanyuka kwenye vidole.”

Hajarudi kuomba makaa kwangu tangu siku hiyo. Tunasalimiana dukani, sawa, lakini uani kwangu haji.

Ile mashine niliitoa nje jioni hiyohiyo nikaiponda na mchi wa kutwangia majani ya sombe. Niliiponda mpaka Keza akapiga makofi. Baba yake alipopiga simu, na safari hiyo alipiga, maana shemeji alikuwa ameshamwambia, kitu cha kwanza alichosema si “mtoto yuko salama?” Alisema, “Umevunja mashine?”

Nikamwacha afoke mpaka achoke. Kisha nikamuuliza jambo moja tu. “Kule nyuma ya matope, kwa vile vilima vya majani, penye muziki inakatika. Ulishafikaga?”

“Vilima gani?” akasema. “Nyuma ya matope hakuna kitu. Iko ukuta, hauonekani, ukisukuma unatembea palepale. Gemu inaishia pale, na ile muziki ya chupa haikatikagi. Nani amekwambia iko vilima?”

Nikakata simu.

Nilifikiri yameisha. Ukiponda kitu na mchi unafikiri kimeisha. Lakini kulikuja mama mkwe wangu, mama yake mume, kutoka Ngozi, na kikapu cha viazi kichwani, mwanamke mwema ambaye hajawahi kunikosea. Akakishusha getini, akanyoosha mikono, akanishika juu ya viwiko, akaanza kuimba. Alikuwa ananipa heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Na mimi nikafunga mdomo. Nilimwangalia miguu, nikamwangalia uso, nilijua ni yeye, nikaita akili zangu zote, na mdomo haukufunguka. Aliimba, akaacha nafasi yangu, ikapita tupu. Akaimba tena, akaacha nafasi. Majirani wanatazama. Mwishowe akaniachia mikono, akainama akachukua kikapu chake mwenyewe.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Huko kilimani kwao mimi sasa ni yule mke asiye na malezi, na mume wangu ananiuliza kwa simu mama yake alinikosea nini. Nimwambie nini? Simu zake zimepungua tena, hata dole gumba silioni.

Hayo yote ningeyabeba. Kinachonikosesha amani ni kingine.

Watoto wa wenzangu neno la kwanza ni mama, au baba, au maji. Keza alichelewa kusema. Nilikuwa namwimbisha, ma-ma, ma-ma, anacheka tu. Halafu mchana mmoja mimi nachambua mchele, yeye amesimama mlangoni kwa uani, amenigeuzia mgongo, nikamsikia. Alisema wazi, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa swali.

“Ego.”

Akasubiri kidogo, kichwa pembeni. “Ego.”

Sijui anaulizwa nini. Sijui ameshaitikia mangapi. Ninachofanya ni hiki: kila nikimsikia, popote nilipo, hata nikiwa naoga, natoka na taulo, nampita, nasimama mbele yake, napigia ule ua mtupu kelele: “Apana! Mama yake amesema apana!” Majirani wanasema nimechanganyikiwa. Waseme. Wao hawana la kupoteza pale mlangoni, mimi ninalo moja.

Na wewe unayesoma, labda nawe unakaa peke yako mchana, na gemu lako, na waya wako sikioni, unatembea katika nchi za watu kwa ajili ya muziki wake. Sikukatazi. Najua inavyotuliza. Lakini ukifika mahali muziki umekatika na mwingine haujaja, usisubiri uone ni nini. Zima, mchukue mtoto wako, toka nje kwenye kelele za watu. Na sauti ikikusalimu hapo, usiitikie, hata ikiwa nzuri kuliko zote ulizowahi kusikia, hata ikikuuliza umelalaje.

Hasa ikikuuliza umelalaje.